Kiraka

Limeletwa mgongoni mwa punda,
limekunjwa kama maiti asiye na jamaa,
tanga la yoti, jeupe, zito kwa chumvi.
Likajaza duka langu la Langoni hadi kizingitini.
Nikasogeza sare za shule, foronya,
pazia la bibi harusi la kesho asubuhi.

Mwenyewe kafuata nyuma, peku:
Maarika, mwanamke wa makamo,
wa nchi ambayo bahari yake, alionyesha,
huganda hata gari likapita juu.
Nikacheka. Hakucheka.
Midomo imepasuka, vidole vimevimba.
Kiswahili chake maneno manne:
maji, asante, pole, ngapi.

Akaunyoosha mezani utepe wangu wa kupimia: pwani.
Akachukua kikombe changu cha kahawa: chombo chake.
Hapa Malindi. Hapa Ras Ngomeni.
Hapa Ghuba ya Ungwana —
akakitikisa mpaka kahawa ikamwagikia risiti,
ikamwagikia mkono wake, asiufute.
Kusi mgongoni, mawimbi mafupi yasiyopumua,
maji ya Mto Tana rangi ya matofali
yakiingia hadi kitandani.
Usiku mzima, mchana, na nusu ya usiku mwingine.
Pwani hii, ninayoijua kwa vijembe vya wajomba,
kwake ilikuwa mstari mweusi
usioitika jina.

Nami, Famau bin Shee, mzaliwa wa kisiwani,
nikivuka kwenda Mokowe hutapika.
Walinicheka mpaka nikakimbilia cherehani.
Bahari naijua kwa nguo tu.

Basi nikalisoma tanga.
Mpasuko huu mrefu, ulionyooka: upepo, mara moja, pwaa.
Hapa nyuzi zimelika moja moja: kamba,
saa nyingi, ikisugua palepale.
Na hapa, pembeni, mishono.
Mikubwa, mibaya, ya uzi wa nailoni,
na doa la kahawia kila baada ya miwili mitatu.
Alishona mwenyewe, gizani,
usukani kaubana kwa goti.
Kumi na tisa. Niliihesabu.
Fundi yeyote angeifumua.

Nikaizunguka.
Sindano tatu zilivunjika.
Kitambaa cha kufaa sikuwa nacho
ila turubai la buluu, salio la kazi ya hoteli ya Shela;
nikakata, nikakunja pindo mara mbili,
nikabandika.

"Ngapi?"
Nikataja nusu ya bei. Akanitazama
kama niliyemkanyaga mguu.
Nikataja yote. Akalipa, akahesabu tena.
Pazia lilichelewa; mama wa bibi harusi
alinitukana hadi Mkomani wakasikia.

Aliondoka Jumanne. Sikwenda gatini.

Ila siku hizi, Kusi ikivuma usiku
na bati la jirani likaanza kupiga,
mke wangu hugeuka, akauliza
nahesabu nini.
Lala, namwambia.
Kumi na saba. Kumi na nane.