Kilo Kumi na Tatu

Fundi Mwaringa aliipima kwa mizani ya muuza pweza:
kompresa, mabomba, kondensa iliyojaa mbawa za panzi,
kilo kumi na tatu na ushee.
"Huyu ndiye alikuwa anakula injini," akasema,
akafuta mikono kwa fulana isiyo na mwenyewe.

Nikaijaribu barabara ya Marafa.
Kile kilima ambacho Starlet yangu ilikipanda
kama mtu anayekwenda kwa wakwe na deni la mahari,
sasa gia ya tatu, haikohoi,
vumbi jekundu likinipigia makofi nyuma.

Nikarudi Malindi kichwa juu.
Nyevu alikuwa sokoni, saa saba mchana, Februari,
kapu la ndimu magotini.
Akabonyeza kitufe cha buluu. Akabonyeza tena.
Kitufe nilikiacha; nilisahau, au niliogopa.

"Umeongeza farasi wangapi?"
"Wanne. Mwaringa asema labda watano."
Akateremsha kioo, upepo wa moto ukamvua mtandio.
"Basi wafunge vizuri hao farasi wako.
Punda wa jasho anashuka hapa."

Hakushuka.
Tukaingia Muyeye bila neno, vioo chini,
na watu wakaanza kutuita.
Miaka sita tumepita hapa ndani ya baridi yetu,
midomo yao ikicheza nyuma ya kioo kama ya samaki.
"Nyevu!" akapaza muuza viazi, mwiko hewani,
"kumbe hamringi!"

Nyevu akampungia, akacheka.
Kisha, polepole, akabonyeza kitufe.