Dakika Arobaini

Kwenye ramani ya darasa la tano, kwa rula ya Atuganile,
Njombe hadi Songwe ni sentimita nane na nusu.
"Zidisha kwa ishirini, mama,"
akapata mia moja na sabini.
Rubani naye: dakika arobaini,
chai ya chupa haitapoa.

Tweve ameshafukuza ng'ombe uwanjani.
Soksi ya upepo imelala kama sikio la mbwa mzee,
na ukungu umekaa,
umekaa tu, mgeni asiyejua kuaga.

Saa mbili. Aliyepanda basi alfajiri
yuko Makambako, anamenya yai.
Saa nne yuko Chimala, anapatana bei ya mchele.
Mimi niko hapa, nimepimwa pamoja na mzigo,
kilo sitini na moja, sweta mbili ndani yake.

Saa sita jua likachungulia. Tukaruka:
chai, misonobari, mgongo wa Kipengere,
Usangu mkono wa kulia, pana, kimya.

Nikatazama saa. Thelathini na nane.
Rula yako haikudanganya, mwanangu,
wala rubani.

Nikamimina kikombe.
Chai ilishapoa tangu Njombe.