Pamba Ndani ya Kopo

Mejumaa habishi mlango.
Akifika kizingitini hukohoa mara moja,
kisha huuliza kwa sauti ifikayo hadi bombani:
"Nyamvula, ile kanga yangu ishapindwa?"
Hakuna kanga.
Kanga ni jina la kliniki hapa Mtongwe,
penye kuta nyembamba na majirani wepesi wa masikio.

Mie nyuma yake na fomu zangu,
kalamu mbili,
viatu vya ofisini vinavyomeza mchanga.
Nimevuka feri kuja kuhesabu:
nyumba ngapi, vidonge vingapi,
siku ngapi zimerukwa.
Fomu haina pa kuandika kikohozi.

Nilidhani nitakuta mkeka na mtu juu yake,
macho makubwa kuliko uso,
kama nilivyomwona dada yangu Saumu mwaka ule
nasi tukisema ni kifua, ni kijicho, ni jini la baharini,
tukilitaja kila jina ila lile lenyewe.
Kumbe Nyamvula yuwakaanga viazi karai,
vidole manjano kwa unga,
mwili wake umeujaza mlango.
"Ngojani. Mafuta hayana subira."

Kopo liko nyuma ya binzari na iliki.
Akalitikisa. Kimya.
Amelishindilia pamba
vidonge visilie,
maana chumba cha pili hulala mama mkwe,
na mama mkwe yule husikia hata chumvi ikiyeyuka.

Vikamwagwa kwenye sinia.
Mejumaa akavisogeza kwa ukucha, viwili viwili,
kama achambuaye mchele wa karamu.
Thelathini na kimoja.
Vilitakiwa thelathini na kimoja.
Nikaandika, nikaona haya kidogo
kwa jinsi tarakimu zilivyo nyembamba.

"Nameza ikianza taarifa ya habari," akasema.
"Wakubwa wakianza kutukanana redioni, mie natia maji.
Sijakosa hata siku moja.
Wao pia hawajakosa."

Karatasi ya kipimo aliitoa chini ya godoro,
imekunjwa mara nne pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.
Virusi havionekani.
"Havionekani," akasema, "lakini mie naonekana.
Andika na hilo."
Nikatafuta pa kuliandika.

Kisha akateka maji mtungini,
kikombe cha bati, ua lake limebanduka nusu,
akaonja ubaridi wake, akanipa.

Mkono wangu ukasimama.

Mie nimesoma. Nimefundisha watu ukumbini
kwamba kikombe hakiambukizi, sahani haiambukizi,
nimepigiwa makofi.
Mkono haukuwepo siku hiyo.
Mkono ulikumbuka kikombe cha Saumu,
kilichotiwa doa la rangi ya kucha,
kikaoshwa peke yake, kikaanikwa juu ya ua
mbali na vikombe vya watu.
Aliyelitia doa lile ni mie.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
na nilichagua rangi nzuri.

Nyamvula aliona.
Akageuka, akapindua viazi kimoja kimoja
hata vile ambavyo havijaiva.
Mejumaa akakohoa mara moja,
na mlango ulikuwa wazi.

Nikanywa.
Maji yana udongo, yana moshi wa ubani.
Nikanywa hadi kitako cha kikombe kikanitazama.
"Nitilie tena," nikasema,
na sauti haikuwa yangu yote.

Tukatoka na viazi kwenye gazeti.
"Ijumaa!" Nyamvula akapaza kwa ajili ya bomba.
"Pindo moja tu limebaki!"

Njiani nikamuuliza Mejumaa:
habari ya pamba, nani aliyemfundisha?
Akauinua mkoba wake, akautikisa karibu na sikio langu.
Sikusikia kitu.

Hatukusemezana.
Tulikula tukipuliza vidole, ukwaju ukitutiririka viganjani,
hadi nyumba ya pili,
ambako kliniki huitwa deni la sukari.