Pakiti Zilizopotea

Saa mbili na robo usiku, isha ishasaliwa,
mji wote wafungua simu kwa mkupuo mmoja,
na sisi huku Mwembe Tayari, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la magodoro,
twaanza kupoteza.

Si nyingi. Mia tatu kwa sekunde, mia nne.
Katika laki moja, nani ataziona?
Bi Shekuwe wa Kuze ataziona.
Apiga simu ofisini: "Twaha wangu ameganda tena,
mdomo wazi, neno liko ulimini.
Mwaka wa nne huu yuko Sohar,
nami namtazama kama picha ya pasipoti."

Mustansir, mwenye kampuni, asema tununue mashine mpya.
Chengo asema ni kebo. Kwa Chengo kila kitu ni kebo.
Mimi nimeketi juu ya kreti ya soda
mbele ya seva yenye viini vinane
na kadi mbili za gigabiti, skrubu zimeliwa na chumvi,
naandika amri ya kuuliza: nani afanya kazi humu?

Kiini cha kwanza, asilimia mia.
Cha pili, moja. Cha tatu, sufuri,
na kuendelea hadi cha nane, usingizi mtupu.

Haya nimeyaona Marikiti:
hamali mmoja mgongo umepinda kwa gunia la vitunguu,
wenzake saba juu ya mkokoteni wacheza karata,
na mwenye lori apiga kelele ati hamali hawatoshi.

Basi nikagawa kazi.
Foleni hii yako, ile ya yule,
kila kiini na mlango wake.
Nikamzima na yule msimamizi wa kujipa cheo
aliyekuwa akiwahamishahamisha kila sekunde kumi
bila kujua nani kabeba nini.

Kisha, adabu ya kubisha.
Kadi ilikuwa yabisha kwa kila pakiti,
hodi, hodi, hodi, mara elfu themanini kwa sekunde,
na kiini kiache kilichoshika, kiitike karibu,
kipokee kijibarua kimoja, kirudi, hodi.
Nikaiambia: ngoja zikusanyike, ubishe mara moja.
Lakini usingoje mno; ukingoja mno sauti huchelewa
na watu wapendanao hukatizana.
Nilijaribu mikrosekunde mia mbili. Nikajaribu hamsini.
Hapo.

Nikaipanua na baraza ya kungojea,
maana wageni wa saa mbili hawaji mmojammoja.

Lililonikesha hadi saa saba ni jingine.
Kadi ilikuwa na uungwana wake: ikipokea vipande
yaviunga viwe furushi moja kubwa
kumpunguzia mpokeaji kazi.
Uungwana mzuri, barua ikiwa ni yako.
Sisi si wapokeaji. Sisi ni uchochoro.
Apitaye na apite na mzigo wake ulivyofungwa.
Nikauzima.
Chengo alikuwa kalala juu ya maboksi ya kebo zake.

Kesho yake, saa mbili na robo,
viini vinane: thelathini, thelathini na mbili, ishirini na tisa,
hakuna anayehema.
Mustansir akafuta bei ya mashine ubaoni,
akaibakisha namba ya muuzaji.

Saa tatu simu ikalia.
"Mmetengeneza?"
"Naam, Bi Shekuwe."
"Leo nimemsikia. Neno kwa neno."
Nikangoja shukrani; mwanadamu ni mwanadamu.
"Mwezi mzima akikatika papo hapo, nikidhani ni nyinyi.
Kumbe ameoa huko. Idi haji."

Laini ilikuwa safi. Nilisikia feni yake ikizunguka,
nikasikia kijiko kikiwekwa juu ya sahani.
Sikuwa na la kusema, nikatazama skrini.
Pakiti zilizopotea: sufuri.

Kisha akauliza kama bei ya mwezi ni ile ile.
Nikamwambia ni ile ile.