Mguu Mwema

Ilembo, Umalila, mwezi wa Machi.
Ukungu umekaa mashambani kama mgeni asiyejua kuaga.
Mkataba umefika kabla yangu, kurasa tisa,
umetafsiriwa na simu ya mtoto wa katibu,
na kifungu cha pili kinasema:
"Mkulima atapokea mguu mwema, tani arobaini."

Wanacheka mpaka benchi linalia.
Neno ni pootgoed, nawaambia, kiazi cha mbegu.
Poot ni kupanda, ila ukilikata vibaya
linageuka mguu wa mnyama;
na goed ni chema, au ni mali,
inategemea nani ameshika mfuko.
Bi Tusekile Nzunda, mwenyekiti wa ushirika,
anajifuta machozi kwa pindo la khanga:
"Uache hivyo hivyo. Huyu kaja na mvua."

Kiholanzi sikukipata darasani.
Nilikiokota Deventer, miaka saba, zamu ya usiku,
nikiwageuza wazee vitandani ngozi isioze.
Walinifundisha kwa kuomba maji.
Bibi Geertje ndiye aliyenipa herufi ya g:
itoe kooni, alisema, kama unatoa mwiba wa samaki.
Kumbe ni ile kha ya kheri,
ambayo sisi wa bara tumeimeza, tukabaki na heri.
Ndiyo maana huyu kijana Teunis
anatabasamu kila nikifungua mdomo.
Nazungumza, anasema, kama marehemu bibi yake.
Hajui wangapi wamekufa ndani ya sarufi yangu.

Nchi yao imelala chini ya bahari,
jina lenyewe ni Nchi za Chini,
nami lugha yake nimeipandisha
mpaka huku, mita elfu mbili na ushei.
Kiazi wanakiita tufaa la ardhi.
Sisi tukakiita kiazi ulaya,
kana kwamba huko Ulaya nako hakikushuka melini.

Natoa kanuni: mkalimani husema "mimi" na si yeye.
Bi Tusekile ananyoosha kidole. "Muulize..."
Usiniambie nimuulize. Mwambie mwenyewe.
Basi anamwambia,
na sauti yangu inamfuata nusu hatua nyuma:
Wewe ni Mdachi?
Babu yangu alilazwa kifudifudi bomani,
akahesabiwa hamsa ishirini.
Mdachi ndiye aliyehesabu.

Babu si wangu.
Mgongo nausikia.

Teunis anapauka. Mimi ni Mholanzi, nasema kwa niaba yake.
Wadachi ni jirani zetu. Walitujia na sisi,
babu yangu alikula vitunguu vya maua, njaa ya vita.
"Pole," anasema Bi Tusekile, na pole ile
inanichukua sentensi mbili kuivusha.
Halafu: "Na nyinyi, mlikwenda kwa nani?"

Mvua juu ya bati.
Java, anasema. Tulikwenda Java.

Ningeweza kuwaeleza kwamba Mdachi, mzizini,
ni neno la kale lenye maana "wa watu";
kwamba Kiholanzi nacho kiliwahi kuitwa hivyo;
kwamba wasomi walipotafuta jina la lugha zetu
waliokota hilo hilo, bantu.
Sikueleza. Sikulipwa kueleza.

Tukafika kwenye bei.
Teunis akamwinamia mhasibu wake, akanong'ona.
Mezani kwangu hakuna mnong'ono.
Nikatamka kwa sauti, nafsi ya kwanza:
"Nadhani hawa hawajui bei ya Mbeya mjini."
Alinitazama kama mtu aliyesalitiwa na bibi yake.
Bi Tusekile akachomoa daftari kwapani:
gunia kwa gunia, soko la Mwanjelwa,
miezi kumi na minne, kwa kalamu nyekundu.
Wakaanza upya.

Usiku, ofisini, juu ya duka la vipuri,
nimesahihisha kifungu cha pili, nimehesabu maneno,
nimegonga muhuri.
Simu inaita. Ni yeye, na mbuzi wanalia nyuma yake.
Anataka nakala moja zaidi, isiyo na muhuri,
ile yenye mguu mwema,
aibandike mlangoni mwa ghala.