Kurasa Kumi na Moja

Barabara ilifungwa siku ya pili baada ya mimi kufika.
Dereva wa mwisho alipiga honi kwenye kona ya kanisa,
kisha mlima ukausukuma mlango kwa bega.

Nilikuja na madaftari sita, wino, mchele,
na mwanzo wa hadithi ya baba yangu
niliouanza mara kumi na tisa tangu tumzike Kutaisi.
Nipeni kipupwe kimoja tu, niliwaambia wa mjini,
mimi na ukimya, nitamaliza.
Hakuna aliyeniambia kwamba ukimya wa Svaneti
una kazi nyingi.

Kuni hudai kupasuliwa. Jivu hudai kumwagwa.
Maji ya ndoo huvaa ngozi usiku,
asubuhi unayavunja kwa mpini wa kisu.
Kalamu ikagoma kutema. Nikaibana kwapani,
nikazunguka nayo chumbani kama mtu anayejipima homa,
na ilipolegea niliandika neno moja,
*Baba*,
nikalitazama mpaka chai ikapoa.

Mgeni siku mbili;
siku ya tatu Pirimze alinipa sepetu.
Jirani pekee aliyebaki upande huu wa mto,
mjane, miaka sabini na minne, buti za marehemu.
Mnara wa ukoo wake, uliojengwa kwa kuogopana,
siku hizi anahifadhia viazi.
Akiwa juu ya paa anakwangua theluji
hunifokea: "Umeandika?"
kwa sauti ileile anayomwulizia ng'ombe wake Tsabla,
mwenye mimba pevu: "Bado?"
Bado, najibu mimi.
Tsabla hajisumbui kujibu.

Januari ikajaa mpaka madirishani.
Umeme ulikatika siku tisa; hesabu ni ya Pirimze,
mistari ya mkaa nyuma ya mlango.
Niliandika: alikuwa mpole. Nikafuta.
Niliandika: alikuwa mkali. Nikafuta.
Karatasi ikatoboka pale pale,
nikaiona meza.

Usiku mmoja mlango ulipigwa teke.
"Mwache baba yako. Njoo na mikono."

Zizini, taa ya mafuta, mvuke, harufu ya samadi na chuma.
Kwato mbili zimechomoza, nyayo zikitazama juu:
ndama anakuja kinyumenyume.
Tukafunga kamba.
"Akisukuma, vuta. Akipumzika, pumzika.
Hii si haraka yako."
Kisha, kiuno kilipopita: "Sasa! Sasa usingoje!"
Tukaanguka chali wote watatu,
mimi, yeye, na kile kitu kilicholowa
kisichopumua.

Pirimze akachomoa unyasi mkavu,
akautia puani mwake, akauzungusha.
Kimya. Akauzungusha tena, akimtukana kwa Kisvani.
Ndama akapiga chafya.

Na mimi, nimekaa kwenye samadi,
nikamwona baba, asubuhi za shule,
ameinama na unyoya alioung'oa mtoni,
ananitekenya pua nisiamke kwa kuitwa jina,
maana jina langu, alisema, lilikuwa limeitwa vya kutosha
na watu wenye hasira.
Halimo hili katika mianzo yote kumi na tisa.

Sikunawa vizuri. Niliandika mpaka mshumaa ukazama,
kidole gumba kimeacha doa kwenye ukurasa wa kwanza,
nami nimeliacha.

Machi tingatinga likafungua njia.
Pirimze alizipima kurasa zangu kiganjani
kama anayepima jibini.
"Kumi na moja? Miezi mitatu?"
Akafikiri.
"Tsabla miezi tisa, ndama mmoja. Na mguu una kilema."

Hakuwa na miwani. Akazinusa.
"Zinanuka zizi," akasema, akanirudishia,
akaingia ndani bila kuaga
kumwaga jivu
nililolisahau.