Paka wa Bi Edelmira

Asubuhi gazeti la Valdivia lilinipigia simu:
ni kweli paka wa Bi Edelmira
alijua tetemeko kabla yangu?

Huyo hulia kila usiku, nikasema.
Akilia mara mia tatu, ardhi ikatikisika moja,
tumwite nabii au tumpe samaki?

Hawakuchapa hilo.

Jumanne mbunge aliapa kupiga marufuku
tetemeko lolote linalozidi sita. Makofi.
Bajeti ya mashine zangu ikakatwa nusu;
paka akaalikwa kwenye televisheni.

Jana usiku sindano ikacheza: tatu nukta moja.
Nikachungulia kwa jirani.
Nabii kalala fofofo juu ya jokofu,
mkia unaning'inia.

Nikaandika daftarini: paka, sifuri.
Kisha nikaongeza, kwa haki:
hata mimi sikujua.